Jinsi ya kulinganisha kampuni za kitovuni na za pembezoni bila kujidanganya

Watu wengi wakitaka kujua eneo gani linachangamka kibiashara wanahesabu kampuni mpya, basi wamemaliza. Usifanye hivyo, kitovuni (yaani mji mkubwa penye shughuli nyingi) watu ni wengi kuliko pembezoni (maeneo ya mbali na huko), kwa hiyo lazima na kampuni ziwe nyingi, hapo bado hujajua kitu.

Kwanza amua idadi ya kampuni mpya unaigawa kwa kitu gani, na hapa ndo penyewe twende taratibu. Tuseme kitovu kina kampuni 1,000 na wafanyakazi 40,000, mwaka huu zimefunguliwa mpya 120. Pembezoni kuna kampuni 200 na wafanyakazi 16,000, mpya 24. Ukigawa kwa kampuni zilizokuwepo, kote ni asilimia 12, ngoma droo. Sasa gawa kwa wafanyakazi: kitovu kinapata kampuni 3 kwa kila wafanyakazi 1,000, pembezoni 1.5, yaani nusu! Data ni zile zile. Wachumi Audretsch na Fritsch walilionyesha hili kwa data za Ujerumani mwaka 1994. Mimi nagawa kwa wafanyakazi, maana anayefungua kampuni ni mtu, na mara nyingi anafungua palepale anapoishi.

Afu usiangalie zinazofunguliwa peke yake, weka na zinazofungwa pembeni yake. Kwa kawaida panapofunguliwa nyingi na zinazofungwa ni nyingi, kwa sababu kampuni changa ndo zinakufa sana, kwa hiyo ukiona kitovuni zinafungwa nyingi usikimbilie kusema hali mbaya. Na pembezoni zikifungwa chache usishangilie haraka, inawezekana mwenye kampuni anaing'ang'ania tu kwa vile akifunga hana kazi nyingine ya kwenda wala mtu wa kumuuzia, na hilo linaniuma kwa kweli kwa sababu kwenye ripoti linaandikwa kama uimara.

Kwenye ukuaji chunga kampuni ndogo: kutoka watu 2 hadi 4 ni asilimia 100 lakini ni ajira mbili tu. Ndo maana OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri) na Eurostat (ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya) kwenye kuhesabu kampuni zinazokua kwa kasi wanaanzia zenye wafanyakazi 10.

Na kabla hujaamini chochote, cheki data inahesabu kampuni au matawi. Kiwanda kiko pembezoni, makao makuu yako kitovuni, kikiajiri watu 50 wapya na data ni ya kampuni, hao 50 wote wanaandikwa kitovuni.