Stata ya kiwandani kwenye lori la zamani: pima kwanza kabla hujaing'oa

Umri wa stata, yaani motori ya umeme inayozungusha injini ili iwake, hauhesabiwi kwa miaka wala kilomita. Huhesabiwa kwa mara ilizopigwa, na kila mara ilizunguka sekunde ngapi. Lori la safari ndefu linalowashwa mara 5 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hupiga stata mara 15,000 kwa miaka 10. Lori la kusambaza mizigo linalowashwa mara 40 kwa siku hufikisha 120,000 katika muda huohuo. Ndiyo maana stata moja ya kiwandani, iliyokuja na lori, hudumu miongo miwili huku nyingine ya aina ileile ikichoka mapema.

Hatua ya 1: Betri

Acha lori lipumzike saa kadhaa, kisha pima. Betri iliyojaa husoma volti 12.6, na mfumo wa volti 24 husoma 25.2. Ikiwa chini ya 12.4, chaji kwanza. Vipimo vingine vyote vitakudanganya. Sasa zuia injini isiwake: kwa dizeli ya pampu ya zamani shikilia wenzo wa kuzimia, kwa petroli chomoa waya wa koili. Piga stata sekunde 5 ukitazama mita ya volti. Isishuke chini ya 9.6, au 19.2 kwa volti 24. Ikishuka, ama betri imechoka, ama stata inakula umeme kupita kiasi.

Hatua ya 2: Nyaya

Hapa ndipo stata nyingi nzima huhukumiwa bure. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo yenyewe ya chanya ya betri, si kwenye kibanio chake, na nyingine kwenye bolti kubwa ya stata. Piga stata. Kwenye mfumo wa volti 12, kinachosomeka kisizidi 0.5. Rudia kati ya nguzo ya hasi na bodi ya stata: kisizidi 0.3. Kikizidi, kutu au waya uliooza ndani unameza umeme. Stata inayopata volti pungufu huzunguka polepole, injini huchelewa kuwaka, na stata inayopigwa muda mrefu hujiunguza. Safisha au badilisha nyaya kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya 3: Sikiliza

Mlio mmoja wa "tak" bila kuzunguka, huku betri na nyaya ziko sawa, kwa kawaida ni kontakti za shaba za solenoidi (swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye stata) zilizolika. "Tak-tak-tak" ya haraka ni umeme mdogo. Ikizunguka kwa kasi bila kugeuza injini, klachi ya bendiksi (gia ndogo ya stata inayoshika meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini) inateleza. Ikiwa imekufa kabisa, gonga bodi yake taratibu kwa mpini wa nyundo. Ikiamka, kwa kawaida brashi za kaboni, zinazopitisha umeme hadi sehemu inayozunguka, zimekwisha. Usigonge stata yenye sumaku za kudumu, kwani sumaku hupasuka.

Hatua ya 4: Shusha na ufungue

Toa waya wa hasi wa betri kwanza. Waya mkubwa wa stata una umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na spana ikigusa chasisi utaona moto. Stata ya lori ni nzito: itegemeze kabla ya kulegeza bolti ya mwisho. Ukikuta vipande vyembamba vya kurekebishia nafasi, virudishe palepale.

Brashi zilizofika nusu ya urefu wa mwanzo, badilisha zote pamoja. Komuteta, mduara wa vipande vya shaba unaoguswa na brashi, isugue kwa msasa laini wa karatasi, si wa kitambaa cha emeri, ambao chembe zake hunasa kati ya vipande vya shaba. Kama maika, kizio kilicho kati ya vipande hivyo, imelingana na shaba, ichimbe kwa kina cha milimita 0.5 hadi 0.8.

Kisha bushi, pete zinazoshika ncha za amecha (sehemu inayozunguka ndani ya stata), ambazo wengi huziruka. Ukiona mikwaruzo inayong'aa kwenye amecha, imekuwa ikigusa ndani kwa sababu bushi zimepanuka. Bushi mpya za shaba nyeusi yenye vinyweleo zilowekwe kwenye oili safi ya injini saa 24, na zisichongwe ndani. Ukichonga unaziba vinyweleo vinavyohifadhi oili.

Hatua ya 5: Amua

Brashi, bushi, kontakti na bendiksi ni vitu vya kubadilisha. Amecha iliyoungua, yenye harufu ya vanishi na shaba zilizonyanyuka, ndiyo inayomaliza stata. Kama amecha na koili za ndani ya stata ni nzima, mimi ningeitengeneza ya kiwandani kuliko kufunga mpya ya bei rahisi yenye shaba nyembamba.

Kabla ya kurudisha, zungusha injini kwa mkono uangalie meno yote ya flaiwili. Injini ya silinda 4 huzimikia karibu sehemu mbili zilezile, ya silinda 6 sehemu tatu, kwa hiyo meno hulika zaidi hapo.

Hatua ya 6: Iache ipumue

Usizidishe sekunde 10 kwa pigo moja, kisha subiri dakika 2. Lori la dizeli linalohitaji zaidi ya hapo kila asubuhi mara nyingi lina plagi za joto zilizokufa au hewa kwenye mfumo wa dizeli. Usipotibu hilo, brashi mpya nazo zitakwisha upesi. Tibu pia oili inayovuja juu ya stata, kwa maana ikichanganyika na vumbi la kaboni huwa tope linalokwamisha brashi kwenye vishikio vyake.