Kusaka badiliko linaloangusha kerneli ya Linux

Kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, kisha ikaanza kuanguka baada ya kuwekewa kerneli mpya (kiini cha mfumo endeshi), inakupa msaada ambao hitilafu nyingi hazikupi: unajua toleo lililo zima, unajua toleo lililo bovu, na chanzo kimo baina yao. Toleo kuu la Linux hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na kwa kawaida huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000. Hakuna awezaye kuyasoma yote akitafuta moja, lakini ukiigawa historia katikati kila mara na kuitupa nusu isiyohusika, hata mabadiliko 16,384 huisha kwa hatua 14. Kazi hiyo ya kugawa hufanywa na amri ya git bisect, sehemu ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Amri yenyewe ni nyepesi. Ugumu uko katika kuipa majibu ya kweli, kwa sababu jibu moja lisilo sahihi huupeleka msako wote upande usio na kosa.

Kabla ya kugawa chochote, upate ujumbe wa mwisho wa kerneli. Mara nyingi haumo katika kumbukumbu za diski, kwa kuwa kerneli hufa kabla ya kuuandika. Moduli (kipande cha kerneli kinachopakiwa kinapohitajika) iitwayo netconsole huutuma kupitia mtandao hadi kompyuta ya pili, na kwenye mashine nyingi pstore, hifadhi isiyofutika mashine inapowashwa upya, huuhifadhi, ukaukuta ndani ya /sys/fs/pstore baada ya kuwasha tena. Usome taratibu. Mstari kama huu, kwa mfano:

BUG: kernel NULL pointer dereference, address: 0000000000000018

unasema kwamba kerneli ilifuata kielekezi tupu, yaani anwani ya data isiyoelekeza kokote. Hata ile 18 ya mwisho ina habari: ni namba ya msingi wa 16, yaani 24, na kwa kawaida maana yake ni kwamba programu ilikuwa ikitafuta kipengele kilicho baiti 24 kutoka mwanzo wa muundo wa data ambao haukuwapo. Mstari unaoanza na RIP, kwenye mashine za x86 za biti 64, hutaja funksheni iliyokuwa ikitekelezwa wakati huo. Andika jina lake mahali, kwani ndiyo sura ya hitilafu yako na utahitaji kuitambua baadaye. Ukiona neno Tainted likifuatwa na herufi P, kuna moduli isiyo huria iliyopakiwa. Iondoe, kisha uhakikishe kuwa anguko bado linatokea.

Sasa chukua msimbo wa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, wenyewe, si ule uliotiwa viraka na wasambazaji, na ujenge ncha zote mbili kwa mkono wako, yaani ugeuze msimbo kuwa kerneli inayoweza kuwashwa. Tuseme v6.6 ndiyo nzima na v6.7 ndiyo mbovu. Usianzie v6.6.12, kwa kuwa namba za aina hiyo ziko kwenye tawi la pembeni ambalo halielekei v6.7. Kama v6.7 uliyoijenga haianguki, au v6.6 inaanguka, simama hapo: dhana yako ya awali si sahihi, na ni heri kulijua hilo leo kuliko baada ya siku tatu za kujenga.

Hifadhi faili ya .config (orodha ya chaguo za kujengea) ya kerneli isiyoanguka nje ya saraka ya msimbo, na katika kila hatua inakili upya kabla ya kutoa amri ya make olddefconfig, inayoilinganisha na msimbo wa hatua hiyo. Ukiendelea kutumia ile iliyobaki kutoka hatua iliyopita, chaguo lililofutwa uliporudi nyuma katika historia linaweza lisirudi uendapo mbele, na hapo utakuwa unapima usanidi badala ya msimbo. Amri ya make localmodconfig, inayobakiza moduli zinazotumika tu, hupunguza sana muda wa kujenga, mradi vifaa vyako vyote viwe vimechomekwa unapoitoa.

Kisha anza:

git bisect start
git bisect bad v6.7
git bisect good v6.6

Git itakuchagulia badiliko la katikati. Jenga, sakinisha, washa upya, na kabla ya kupima lolote toa amri ya uname -r, inayotaja kerneli inayoendeshwa. Nimewahi kupoteza siku nzima nikipima kerneli ileile ya zamani, kwa sababu /boot, saraka ya kerneli, ilikuwa imejaa na kila kerneli mpya ilishindwa kusakinishwa. Washa chaguo la CONFIG_LOCALVERSION_AUTO ili jina la kerneli libebe utambulisho wa badiliko lenyewe.

Majibu mawili unayoipa Git baada ya kila kipimo, bad (mbovu) na good (nzima), hayana uzito sawa. Anguko uliloliona limetokea. Kutoanguka huenda ni bahati tu. Chukua hitilafu inayotokea bila mpangilio, kwa wastani mara 1 kwa saa: kerneli mbovu ina uwezekano wa karibu asilimia 5 wa kupita saa 3 salama. Ikiwa hatua 7 kati ya zile 14 zitaangukia kwenye kerneli mbovu, uwezekano wa kudanganyika angalau mara moja unafika karibu asilimia 30. Ukisubiri saa 5 badala ya 3, unashuka chini ya asilimia 5. Kwa hiyo pima kwanza hitilafu huchukua muda gani kujitokeza, na utafute kazi inayoiharakisha, kabla ya kuthubutu kuandika good.

Kerneli ikikataa kujengeka, au ikianguka kwa sura nyingine isiyo na ile funksheni uliyoiandika, jibu ni git bisect skip, yaani kuiruka. Kuiita bad ni kuchanganya makosa mawili. Hifadhi pia matokeo ya git bisect log kila siku; ukigundua jibu lililokosewa, hariri faili hiyo na uirudishe kwa git bisect replay bila kuanza upya.

Git itakapotaja badiliko la kwanza bovu, litangue kwa git revert juu ya kerneli mpya kabisa, ujenge, na upime kwa muda uleule mrefu. Anguko likikoma, una ushahidi. Likiendelea, rudi kwenye kumbukumbu na utilie shaka kwanza kila good uliyoitoa. Majina ya wa kuwaandikia utayapata kwa scripts/get_maintainer.pl, watumie utambulisho wa badiliko, ujumbe kamili wa anguko, faili ya .config na matokeo ya kulitangua.