Hukumu imekuchukiza? Ipinge hivi kabla ya kudai hakimu apigiwe kura

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi zangu nyingi ziko vijijini Kongwa na Chamwino, mkoani Dodoma, na swali moja nakutana nalo kila mara: diwani tunamtoa kwa kura, mbunge tunamtoa, hakimu kwa nini asitolewe? Wanaouliza huwa wameumia kweli, siwalaumu. Ila siku zinahesabiwa, na wengi huzimaliza kijiweni wakilalamika.

Anza na nakala ya hukumu. Usitegemee ulichosimuliwa nje ya mahakama. Mwombe karani, tena kwa maandishi, nakala ya hukumu pamoja na mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani), ubaki na kopi ya barua yako yenye mhuri wa kupokelewa. Kesi ikiwa ya Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, hukumu nyingi zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII, hata kwa simu ya mkononi.

Halafu isome taratibu, utafute mahali hakimu anapoeleza sababu. Wazee fulani waliniita wakiwa wamewaka: kijana aliyekamatwa na ng'ombe wao kaachiwa huru. Tulikaa chini ya mbuyu tukasoma ukurasa kwa ukurasa. Mwenye mali aliiambia mahakama ng'ombe wake ni "mwekundu, mkubwa". Basi. Hakutaja chapa, hakutaja mkato wa sikio, hakueleza alama yoyote kabla ya kuonyeshwa mnyama mwenyewe. Ng'ombe wekundu Ugogo wamejaa. Mzee mmoja alirudia kile kifungu, akamgeukia mwenye mali na kumuuliza kwa Kigogo mbona sikio hakulitaja, na wote tunajua lilivyokatwa. Hasira yao kwa hakimu ilipungua palepale. Kosa lilikuwa kwenye ushahidi, na hakuna kura ambayo ingelirekebisha.

Ukiona hakimu kakosea kweli, kata rufaa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo unapeleka malalamiko yako ya rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na hata mlalamikaji anaweza kukata rufaa mshtakiwa akiachiwa. Kesi ya jinai ikianzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, aliyehukumiwa anatoa kusudio la rufaa, yaani taarifa kwamba atakata rufaa, ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Ndiyo maana nasisitiza ile barua yenye mhuri. Wewe ukiwa mwathirika tu katika kesi ya Jamhuri, yaani inayoendeshwa na serikali, rufaa si yako, ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, naye ana siku 30 za kutoa kusudio. Nenda ofisi ya mashtaka wiki hiyohiyo, uwaeleze kwa nini adhabu ni ndogo. Usingoje wakufuate.

Tabia ya hakimu ni jambo lingine kabisa. Kaomba rushwa, piga TAKUKURU 113. Kakutukana, anaahirisha kesi bila sababu, anasikiliza kesi ya shemeji yake: andika kwa Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama, ya wilaya kwa mkuu wa wilaya au ya mkoa kwa mkuu wa mkoa. Taja tarehe, namba ya kesi, maneno yaliyosemwa na nani alisikia. Barua inayosema tu "hakimu huyu hafai" haiendi popote. Jaji naye haguswi kirahisi, Katiba katika Ibara ya 110A inataka Rais aunde tume ya kumchunguza kwanza.

Sasa hiyo kura. Mwaka 2016 huko California, Marekani, Jaji Aaron Persky alimpa mwanafunzi wa Stanford miezi sita jela kwa kumshambulia kingono mwanamke aliyepoteza fahamu. Watu walikasirika, na mimi ningekasirika. Juni 2018 wapigakura wakamwondoa. Lakini kijana alishatoka zamani baada ya miezi mitatu, na kura haikumwongezea hata siku moja. Kilichozuia adhabu kama ile isirudiwe ni sheria iliyobadilishwa mwaka uleule wa 2016. Tena watafiti waliopitia hukumu za Pennsylvania walikuta majaji wakiongeza vifungo kadiri uchaguzi wao ulivyokaribia. Hebu lete hilo kwetu: kijiji chenye wakulima wengi na boma mbili za wafugaji, mazao yameliwa, hakimu anataka kura mwezi ujao. Yule mfugaji atasikilizwa na nani? Kwa hilo naipinga kura hiyo waziwazi.

Na mara nyingine hakimu amefungwa mikono. Mwaka 2023 mama mmoja Iringa alipewa miaka 22 kwa kukutwa na nyama ya swala, nchi nzima ikamlaani hakimu. Sheria ya uhujumu uchumi, iliyotumika kwake, inasema kifungo kisipungue miaka 20. Rufaa ndiyo iliyomtoa, Mahakama Kuu ikamwachia mwezi uleule. Ile miaka 20 iliwekwa na Bunge, na Bunge liko hapahapa Dodoma. Muswada ukifika kwenye kamati, wananchi hualikwa kutoa maoni. Andika ukurasa mmoja: kifungu gani, kimemwumiza nani, unataka kisomekeje. Ambatanisha nakala ya hukumu, mpe mbunge wako kopi na umwombe akusainie kwamba ameipokea. Huyo kura yako inamhusu.