Somo: Kutenganisha injini na gia boksi ya otomatiki bila kuua toki konveta

Gia boksi nyingi nilizofungua nikakuta pampu imevunjika hazikuharibikia barabarani. Ziliharibika siku injini ilipotolewa au kurudishwa, na mwenye gari akaja kujua baadaye, gari lilipokataa kwenda mbele wala nyuma. Ndiyo maana somo hili nimelikazia hapo.

Nazungumzia gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, injini imekaa kwa urefu. Injini inatoka kwa juu, gia boksi inabaki chini ya gari.

Kwanza elewa kinachoshikana na nini. Toki konveta ni ule mtungi wa mviringo ulio kati ya injini na gia boksi. Mbele umefungwa kwa bolti kwenye flaiwili, ambayo kwa otomatiki ni bamba jembamba lenye meno pembeni. Nyuma, shingo yake imezama ndani ya gia boksi na ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Unapotenganisha, konveta lazima ibaki na gia boksi. Ikifuatana na injini itakwaruza sili, oili itamwagika, na uzito wake unaweza kuumiza pampu.

Maandalizi nayapitia haraka. Chomoa waya hasi wa betri. Shusha presha ya petroli kabla hujafungua paipu yake. Mwaga maji injini ikiwa imepoa. Toa boneti, redieta na feni. Kompresa ya AC ifungue bolti zake tu, uifunge pembeni pamoja na paipu zake, gesi usiiguse. Paipu za oili ya gia zinazokwenda kwenye redieta zizibe ncha zote, maana mchanga kidogo ukiingia humo ni hasara. Achanisha ekzosi, piga picha kila plagi ya waya kabla ya kuichomoa, kisha toa stata.

Sasa kazi yenyewe. Bolti za konveta unazifikia kupitia tundu la stata au kifuniko kidogo cha bati chini ya belihauzi, yaani ule mdomo mpana wa gia boksi. Kwa kawaida ni 3, 4 au 6. Utaona moja tu kwa wakati. Weka soketi kwenye bolti ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini), uzungushe injini taratibu kwa upande inaozungukia siku zote, mpaka bolti nyingine ijitokeze. Ukitoa plagi za moto, krenki inakuwa laini. Kabla ya kufungua ya kwanza, weka alama ya rangi kwenye flaiwili na kwenye konveta, ili zirudi vilevile. Bolti hizi ziweke kwenye kikopo chao peke yake. Ni fupi kwa makusudi: ukirudisha ndefu zaidi, ncha yake inaweza kubonyeza konveta.

Zikiisha zote, ingiza bisibisi bapa kwenye upenyo na uisukume konveta kuelekea gia boksi. Inatakiwa irudi nyuma milimita chache, na uweze kuizungusha kwa kidole wakati flaiwili imetulia. Isipofanya hivyo, ama kuna bolti umeiacha, ama kutu imeishika katikati ya krenki. Usiendelee mpaka iachie.

Weka jeki chini ya gia boksi, na kipande cha ubao juu ya jeki ili sampu, yaani karai la oili chini ya gia boksi, isibonyee. Funga cheni ya winchi kwenye masikio ya kunyanyulia injini, ivute mpaka ikaze tu. Hapo ndipo ufungue maunti za injini (vishikizo vinavyoibeba kwenye gari), kisha bolti za belihauzi. Za juu zinasumbua: unga ekstensheni mbili au tatu, upitishe racheti kutokea nyuma ya gia boksi. Urefu wa bolti hutofautiana, kwa hiyo mimi huchora umbo la belihauzi kwenye katoni na kuchomeka kila bolti mahali pake. Acha mbili za mwisho, moja kila upande, mpaka uzito wote uwe umeshikwa na winchi na jeki.

Niliwahi kusahau bolti moja ya juu iliyojificha nyuma ya bomba. Nikaona imegoma, nikatia mtaimbo, na sikio la alumini likakatika. Tangu siku hiyo nazihesabu kwa kupapasa mzunguko mzima kwa mkono.

Vuta injini mbele ikiwa imenyooka. Mmoja aendeshe winchi, mwingine ashike tochi na kuangalia upenyo, ambao lazima uwe sawa juu na chini. Ukifika upana wa kidole, simama uangalie konveta. Ikiwa inafuata, irudishe nyuma. Injini ikishatoka, funga kipande cha chuma bapa kukatisha mdomo wa belihauzi ili konveta isiteleze. Kisha laza rula juu ya mdomo huo, pima kina mpaka kwenye masikio ya konveta, pale bolti zake zinapoingia, uandike kipimo kwa chaki. Utakihitaji siku ya kurudisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Juu pameachia kama sentimita moja, chini pamegoma kabisa. Nifanyeje?

Marahaba. Papasa chini kwanza, bolti iliyobaki mara nyingi iko pale upenyo usipofunguka. Kama hakuna, basi gia boksi imeinama: panda au shuka na jeki mpaka nyuso mbili zilingane. Pini za kuelekezea, zile zinazolinganisha injini na belihauzi, pia hushika kutu. Zipulizie oili ya kulegeza, subiri, ugonge kwa nyundo ya mpira.

Kaka, konveta yangu ilitoka na injini, oili ikamwagika. Gia boksi imekufa?

Si lazima. Kagua shingo ya konveta kama ina mkwaruzo, weka sili mpya ya mbele, irudishe ukiizungusha huku ukiisukuma. Itazama kwa hatua, utasikia “tok” mara mbili au tatu. Jaza oili ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari.

Narudisha injini, imebaki nafasi ya kidole. Naweza kuikaza kwa bolti za belihauzi ijivute?

Hapana, ndugu yangu, acha spana chini. Konveta yako haijazama, na ukikaza unaivunja pampu. Itoe injini tena, zamisha konveta mpaka kipimo cha chaki kirudi. Belihauzi inatakiwa ifunge kwa kusukuma kwa mikono, na ikishafunga, konveta bado izunguke yenyewe kabla hujaweka bolti hata moja ya flaiwili.