Jinsi ya kusoma riwaya za Wahindi walioenda ng'ambo, ukiwa hapa Nairobi

Watu wengi wakishika riwaya ya Mhindi aliyehamia Marekani wanaisoma na swali moja tu, huyu amebaki Mhindi ama ashakuwa Mzungu? Kitabu kikiisha wanapuliza firimbi kama refa. Mi naona hilo swali ndo linawanyima utamu wote, juu hakuna mtu anaishi hivyo. Angalia tu wewe mwenyewe, wiki nzima uko ofisini Westlands unaongea Kizungu mpaka unaota nacho, Krismasi ukishuka matatu huko kwa shosho unaitwa jina lingine, unakaa kivingine, hata sauti inabadilika, na hakuna siku ulikaa chini ukaamua iwe hivyo. Kwa hivyo soma ukiwa na hayo maisha yako mkononi.

Anza na The Namesake ya Jhumpa Lahiri, ilitoka 2003. Ukiikosa dukani zunguka kwa wale wanaotandika vitabu vya mtumba chini huko tao. Chukua pensili, alafu kila mahali mtu anakula ama anapika, weka alama. Usicheke, hii ndo kazi ya kwanza na ndo inalipa kuliko zote.

Ukurasa wa kwanza tu, ni 1968, Ashima, mama Mhindi aliyehamia Marekani, ana mimba imebakisha wiki mbili, amesimama jikoni kwao Cambridge, Massachusetts. Kwa bakuli anachanganya Rice Krispies, karanga za Planters na kitunguu, anaweka chumvi, ndimu na pilipili, anatamani angekuwa na mafuta ya haradali. Anajaribu kutengeneza kile kitu cha kuuzwa kando ya barabara Calcutta. Anaonja, na kama kawaida kuna kitu kinakosekana. Binamu yangu aliye ng'ambo anasonga ugali na semolina, anasema unashikana poa kabisa lakini ukifunua sufuria ile harufu haiko. Niliposoma hapo kwa Ashima nilifunga kitabu kwanza nikampigia. Wataalamu wameandika kurasa nyingi kuhusu utambulisho na kumezwa na utamaduni wa wengine, lakini hiyo bakuli ishasema yote, mtu hajakataa nchi mpya, anatumia vitu vyake kila siku, ila mdomo bado unakumbuka.

Kitu cha pili fuata majina. Wabengali, ndo watu wa Ashima wa pande za Calcutta, wana jina la nyumbani na jina la nje, lile la shule na vyeti. Mtoto wa Ashima alikuwa asubiri jina kutoka kwa nyanya ya mama yake, barua ikapotelea njiani, na hospitali ya Marekani haiwezi kuwaruhusu waende nyumbani bila jina la cheti, basi baba akaandika Gogol, mwandishi Mrusi ambaye kitabu chake huyo baba alikuwa amekishika siku treni aliyopanda huko India ilipoanguka, akaokolewa. Kijana anakua akilichukia, akikaribia kwenda chuo anaenda kortini anakuwa Nikhil.

Hapa kuwa makini sana. Sisi wengi hapa kumpa mtoto jina la babu ni heshima, kwa Wakikuyu kijana wa kwanza anajulikana ni wa babake baba, hakuna mjadala. Kwa kitabu hiki Wabengali hawafanyi hivyo, jina ni la mtu mmoja, halirithiwi. Ukisoma haraka utasema aah hawa ni kama sisi, na utakuwa umekosea. Tafuta mnapofanana, sawa, lakini simama pia pale mnapoachana, juu hapo ndo utaona mila za watu si kitu kimoja kilichopakwa rangi tofauti.

Lugha sitakaa sana. Kama uliwahi kuvaa ile disk shingoni shuleni kwa kuongea lugha ya mama, ukisoma vile Gogol anapelekwa masomo ya Kibengali Jumamosi na hataki, utajua shida iko wapi. Sisi tulichapwa ili tuiache, yeye anabembelezwa aishike, na bado wote tunaongea Kizungu.

Alafu usisome kama safari ya kwenda mbele tu. Baba yake Gogol akifariki, familia inakula chakula cha matanga bila nyama wala samaki, zile taratibu alizokuwa anaziona za kusumbua akiwa mtoto. Sasa amekaa pale mezani, kiti cha baba kiko wazi, na hicho chakula ndo kitu pekee chenye maana. Yule refa atasema amerudi nyumbani. Hajarudi, baadaye anaendelea na maisha yake New York.

Kitabu cha pili kiwe Jasmine ya Bharati Mukherjee, 1989, kwa sababu kinabishana na cha kwanza. Msichana wa Punjab anaanza akiitwa Jyoti, anakuwa Jasmine, Jase, alafu Jane huko Iowa. Yeye hakai akililia alichoacha, anakiua aanze upya, na kuna ukatili mwingi humo, jiandae. Swali la kuuliza kila jina likibadilika ni nani amempa. Mume, mwajiri, bwana mwingine. Mi kwa maoni yangu hiyo ndo siri ya kitabu, mtu anaweza kusherehekea kubadilika na bado wengine ndo wanashika kalamu.

Cha mwisho leta nyumbani, The In-Between World of Vikram Lall ya M.G. Vassanji, aliyezaliwa hapa Nairobi 1950 akakulia Dar. Kabla ya kukifungua jua mambo machache la sivyo utapotea. Reli ilijengwa 1896 hadi 1901, waliletwa vibarua kama 32,000 kutoka India, wengi walirudi na karibu 2,500 walikufa. Baada ya uhuru Wahindi walipewa miaka miwili kuomba uraia, wengi hawakuomba, sheria za 1967 zikabana vibali vya kazi na biashara, wakakimbilia Uingereza mpaka Uingereza nayo ikabana mlango 1968. Wenye walibaki serikali iliwatambua kama kabila la 44 mwaka 2017, miaka mingapi hapo katikati, hesabu mwenyewe. Ukiwa na hayo kichwani, vile familia ya Vikram, Mhindi wa hapa Kenya, inakataa dadake Deepa aolewe na Njoroge, rafiki yao Mkikuyu, itakuuma pande zote mbili, na inafaa ikuume hivyo.

Mkisoma kama grupu, msimgeuzie yule Mhindi mmoja wa Parklands kila saa atafsiri Uhindi wote. Mgujarati, Mgoa, Kalasinga na Mbengali wa Lahiri si mtu mmoja, kama vile wewe huwezi kujibu kwa niaba ya Mturkana.

Na mkimaliza, kabla ya kujadili chochote, kila mtu aandike kwa karatasi majina yote amewahi kuitwa na nani alimpa. Sisi tulikuwa watano. Mmoja wetu alikuwa na jina ambalo shosho yake pekee ndo alikuwa analitumia, na shosho aliaga 2019. Alituandikia, lakini kutusomea akakataa.