Jumuiya yenu ikitaka kuhama grupu la WhatsApp, someni hapa kwanza

Assalaam alaykum wenzangu. Nishaulizwa na jumuiya tatu sasa, mbili za Unguja na moja ya huku huku Pemba, tulihama vipi kutoka grupu la WhatsApp kwenda kwenye programu ya kazi khasa, nimechoka kurikodi voisi ile ile kila siku basi naandika mara moja yaishe. Mie si mtu wa kompyuta kwa kusomea, ni katibu tu wa jumuiya ndogo hapa Chake Chake, tunasomesha madrasa, tunatizama mayatima, tunachimba visima Mungu akituletea mfadhili, na Ramadhani tunagawa futari na zakatul fitri. Wafanyakazi wa kulipwa wanne, wa kujitolea wanafika thalathini na kitu.

Nianze na kilichotutoa huko. Ramadhani moja kijana wetu, mtu mwema wallahi, alilipiga picha daftari la wajane wanaopokea mchele akaituma kwenye grupu ili dereva azione nyumba za kupita. Na lile grupu lina watu mia na ushei, wafadhili wamo, jamaa wa wafadhili wamo, walioingia kwa linki hata hatuwajui wamo. Kule WhatsApp "futa kwa wote" inakubali mpaka kama siku mbili na nusu baada ya kutuma, sie tulifuta ndani ya nusu saa, lakini picha ilikuwa ishaingia kwenye simu za watu. Siku ya pili yake bi mmoja alikuja na daladala kutoka Konde akaturejeshea mchele. Hakusema neno, alikiweka kile kiroba mlangoni pa ofisi, kimefungwa vile vile na kamba yetu, akageuka akaondoka.

Kwa hivyo kabla hata hujaenda Play Store, kaeni kitako kamati nzima muamue ni kitu gani hakitoandikwa popote kwenye simu. Kwetu sie ni majina ya wanaopokea sadaka, picha zao, magonjwa yao na kesi za ndoa zinazoletwa kwa sheikh. Daftari lipo moja, liko kabatini, ufunguo anao mtu mmoja na wa akiba anao mwenyekiti. Kwenye simu tunaandika "K14" au "M03", dereva anajua K ni Konde na nyumba ya 14 ni ipi kwa sababu kapelekwa kwa miguu siku ya mwanzo. Watu wanadhani ukishanunua programu nzuri mambo ya siri yashatengenea, hapana, tena hapa kuna kitu wengi hawakijui: WhatsApp ujumbe wake umefungwa tokea kwa mtumaji mpaka kwa mpokeaji, wenye kampuni hawausomi, lakini programu za kazi kama Slack, Teams, Zulip na ndugu zao kwa kawaida hazikufungwa namna hiyo, anayeshika seva, yaani ile kompyuta inayoweka ujumbe wote, akitaka kuufikia ujumbe anaufikia. Kwa kupanga kazi ni bora mara kumi, kwa siri za watu si bora. Bi wa Konde asingesalimika na Slack wala na chochote kama daftari tungeendelea kulipiga picha.

Sasa tuje kwenye kuhama kwenyewe.

Chukua wiki moja ya grupu lenu la sasa, juzuu nzima, usome kuanzia juu mpaka chini na kalamu mkononi. Nilifanya hivyo nikacheka peke yangu. Ijumaa moja tulikuwa na maua waridi ya "Juma Mubarak" zaidi ya arubaini, dua, tangazo la kifo, mtu kauza pikipiki, na katikati hapo mhasibu anauliza "tununue mchele kwa bei ile au tungoje?", na sheikh kajibu "sawa", lakini sawa ipi, ya mchele au ya pikipiki, hakuna ajuaye mpaka leo. Ukimaliza kusoma utaona mazungumzo yenu yamegawika mafungu matano sita tu. Hayo mafungu ndio chaneli zenu, yaani vyumba vya mazungumzo ndani ya programu, kila kimoja na jambo lake, usikope za watu. Sie tuna madrasa, mayatima, visima, fedha, ramadhani, na moja tumeiita kibarazani. Hiyo kibarazani usiisahau hata kidogo! Msipowapa watu pahala pa maua na dua watayamwaga kwenye fedha.

Programu gani? Hapa kila mtu na lake, nasema langu. Slack ni nyepesi kujifunza, ila ya bure inakuonyesha siku 90 tu za nyuma, na jumuiya kama zetu kazi zake zinazunguka kwa mwaka, Ramadhani hii unataka kuona Ramadhani iliyopita mlinunua tende wapi, siku 90 hazikufikishi. Wana mpango wa taasisi zisizo za faida, mkikubaliwa mambo yanabadilika. Microsoft Teams nzuri kama ofisi nzima mna kompyuta na mnatumia imeili zao, lakini kwenye simu ndogo yenye memori imejaa kaswida inakuwa nzito, wajitoleaji wetu wawili simu ziliganda. Sie tumeishia Zulip. Hiyo ni programu huria, yaani maandishi iliyotengenezewa yaliachiwa wazi 2015 kila mtu ayaone, unaweza kukaa kwenye seva yao au ukafunga seva yako mwenyewe, kwa jumuiya ndogo kompyuta yenye memori ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 2 inatosha kuanzia. Kilichonivuta ni kwamba kila ujumbe ndani ya chaneli una kichwa cha habari chake, ukiwa ndani ya visima kuna "kisima Kengeja", kuna "pampu iliyoungua", kuna "mfundi anadai", sheikh akijibu sawa ni sawa ya pampu. Mwanzo watu walinung'unika sana na vichwa vya habari, ati kazi mara mbili, lakini sheikh kuandika sawa tu ndio desturi yake na hatutombadilisha leo, bora sawa yake ijulikane inakaa wapi.

Ushauri mmoja kabla ya kuomba ofa yoyote ya taasisi zisizo za faida: soma masharti. Wengi wanataka cheti cha usajili, na wengine wanauliza kama huduma zenu anapata kila mtu au wa dini yenu tu. Kisima kinachotekwa maji na kijiji kizima kinajibu suala hilo vizuri, kwa hivyo kwenye fomu eleza kazi mnazofanya, usijaze jina la msikiti na namba ya akaunti tu.

Akaunti zisajiliwe kwa imeili ya jumuiya, si ya mtu. Hili naliandika kwa uchungu. Kijana aliyetufungulia imeili ya mwanzo alikwenda kusoma Malaysia na paswedi yake kichwani, tukawa tunampigia saa nane za usiku kwake. Sasa wamiliki ni wawili, mmoja mwanamme mmoja mwanamke, kila mmoja kawasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya paswedi inatakiwa na namba ya siri kutoka simuni, na zile namba za dharura za kuingilia simu ikipotea zimechapishwa kwenye karatasi na ziko kabati lile lile la daftari. Mtu akiacha kazi anaondolewa siku hiyo hiyo, bila ya ugomvi, unamwambia tu ndio utaratibu. Chaneli ya fedha iwe ya kufungwa, wanne tu wanaingia. Akina mama wa idara ya wanawake walitaka chaneli yao wenyewe wasiyoingia wanaume, tukawafanyia, na kusema kweli ndio iliyo hai kuliko zote.

Wakati wa kuhama: usithubutu Ramadhani wala Shaabani. Msimu wa karafuu pia usithubutu, nusu ya watu wako juu ya mikarafuu na simu wameacha nyumbani. Sie tulianza Mfunguo Nne, nyama ya udhia ishagawiwa, watu wametulia. Na msihamishe jumuiya nzima siku moja. Tulianza na visima, watu sita, wiki tatu, wakaharibu wanachotaka kuharibu. Mfano tuligundua kama mtu akipeleka video ya kisima bando la wenzake linaondoka lote, tukaweka kanuni video zisubiri Wi-Fi ya ofisini, na kila mtu tukamzimia simuni ile tabia ya WhatsApp ya kushusha picha yenyewe bila kuulizwa, peke yake hiyo iliokoa bando nyingi tu. Baada ya visima ikaingia madrasa, kisha wengine.

Voisi. Wazee wanapenda voisi, na mie siwalaumu, lakini voisi ya dakika tano huwezi kuitafuta miezi sita baadae. Kanuni yetu ni kwamba sema utakavyo, ila kama ndani yake mna uamuzi au pesa, aliyesema aandike mstari mmoja chini yake, "nimekubali mifuko 20 ya saruji", basi. Asiyeweza kuandika anamuomba mwenziwe.

Na wasio na simu janja. Mwenyekiti wetu ana kitochi na hana haja ya kubadilisha, betri inakaa siku nne, umeme ukikatika yeye ndiye anayepatikana sie wote tumezima. Msimlazimishe mzee wa namna hii, na pia msimuache nje mkamfanya wa mapambo. Ukhti mmoja wa ofisini anampigia kila Jumatatu na Alkhamisi baada ya sala ya alasiri anamsomea yaliyopita, anamuuliza, kisha jibu lake analiandika kwenye kichwa cha habari kinachohusika, kwa jina lake mwenyekiti. Mambo ya haraka anatumiwa ujumbe wa kawaida wa simu.

Kelele nazo. Mwambieni kila mtu anyamazishe chaneli zisizomhusu, na usiku baada ya isha hakuna kutuma kazi, ukikumbuka kitu saa sita usiku Zulip ina kutuma baadae, unaandika unaipangia saa mbili asubuhi unalala. Wakati wa sala ya Ijumaa vile vile. Mie mwenyewe nilikuwa mkosa mkubwa wa hili, mke wangu ni shahidi.

Historia ya zamani haihami. Zulip inapokea kutoka Slack na baadhi ya programu nyengine za kazi, kwa WhatsApp hakuna. Utakachofanya ni kuyatoa mazungumzo kule yawe faili, kuna kikomo chake kwa hivyo grupu la miaka mingi halitoki lote, ukayaweka kwenye kompyuta ya ofisi, kisha maamuzi makubwa ya mwaka mmoja uliopita unayaandika upya kwa mkono, mstari mmoja mmoja. Ilinichukua jioni nne na birika kadhaa za kahawa. Zile picha za daftari zilizokuwemo nilizitafuta moja moja nikazifuta kabla faili halijahifadhiwa.

Grupu la zamani msilifute, watu watafungua jengine bila nyie. Tulilibadilisha jina likawa la salamu na matangazo ya misiba, tukaifunga ile linki ya kujiungia, na kwa wiki mbili kila aliyeuliza jambo la kazi humo nilimjibu neno moja, "visima", au "fedha", naye anajua aende wapi. Wiki ya tatu walikuwa wanajibizana wenyewe. Maua ya Ijumaa bado yanakuja, juzi nimehesabu hamsini na mbili.