Kuandaa kituo cha amri kinachohamishika Kigoma: masanduku kwanza, gari baadaye

Mwaka 2015, Warundi walipovuka kwa maelfu na kujazana Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani, hadi kipindupindu kikazuka, njia ya kuwatoa ilikuwa Ziwa Tanganyika. Meli ya MV Liemba ilisimama mbali na ufuko, na watu wakapelekwa melini kwa boti ndogo. Gari la mawasiliano, hata lingekuwa na skrini kumi, lisingesaidia pale. Kwa hiyo anayeandaa kituo cha amri, yaani mahali pa kuongozea uokoaji wakati wa maafa, mkoani Kigoma ajiulize jambo moja kabla ya kununua chochote: kikishushwa garini na kupakiwa kwenye boti, kitafanya kazi?

Gawa vifaa kwenye masanduku ya plastiki ngumu yenye mpira wa kuzuia maji, kila moja lisizidi kilo 25, kwa sababu huko ufukweni watu wawili watalibeba wakiwa ndani ya maji hadi magotini. Redio na antena zikae pamoja, vifaa vya umeme peke yake, kompyuta na ruta peke yake. Sanduku la mwisho ni la karatasi: ramani, madaftari na penseli, maana kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyoloa. Waya wa kila kifaa ukae na kifaa chake. Sanduku la "waya mchanganyiko" ndilo linalokula saa nzima usiku wa kwanza.

Umeme upigie hesabu kwa kalamu, usikadirie kwa macho. Kompyuta mpakato mbili hula wati 120, skrini 50, dishi la setilaiti 75, redio kwa wastani 60, ruta 15, taa 20. Jumla ni wati 340. Kwa saa 10 hiyo ni wati-saa 3,400, na ukiongeza kinachopotea kwenye inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, unafika 3,900 hivi. Betri mbili za lithiamu za volti 12.8 na ampea-saa 200 zinatosha ukizitumia hadi asilimia 80. Kwa betri za asidi utahitaji nne, kwa kuwa hazitakiwi kushuka chini ya nusu, na hizo nne zina uzito wa zaidi ya kilo 200. Boti ndogo italalamika. Jenereta ya kVA 2 iwe ya kuchaji betri, si ya kuendesha kituo moja kwa moja. Ikiishiwa mafuta katikati ya ujumbe, betri zinaendelea. Iweke mita 10 au zaidi, upande ambao upepo unatoa moshi mbali na hema, na usiiingize ndani hata mvua ikinyesha.

Kuna hitilafu moja inayosumbua mafundi wengi. Redio inasikia vizuri kabisa, lakini ukibonyeza kuongea inazima. Watu hubadilisha redio, wakati kosa liko kwenye waya wa umeme. Redio ya wati 50 huvuta ampea 10 hadi 12 wakati wa kurusha. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 4 hula zaidi ya volti 1 kwenye mzigo huo, na betri iliyokwisha kushuka hadi volti 12 inaifikishia redio chini ya 11. Tumia milimita za mraba 6, ufupi uwezekanavyo, na fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na redio.

Antena ndiyo kituo chenyewe. Masafa ya VHF, yale ya redio za boti na za mkononi, husafiri kama macho yanavyoona, na ya hapa yanakatwa na milima inayoshukia ziwani tangu Kigoma hadi mpakani. Hesabu ya haraka ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa kila antena kwa mita, jumlisha, zidisha kwa 4.12, upate kilomita. Mlingoti wa mita 10 ufukweni na boti yenye antena ya mita 3 ni kilomita 20 tu. Panda kilima kilicho mita 200 juu ya maji, ukiwa na mlingoti uleule, utavuka 60, na ziwa lina upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. Ndiyo maana gari huegeshwa kilimani, na watu wa ufukweni hupewa redio za mkononi. Mahali ambapo mlima unaziba, boti moja itie nanga nje kidogo ipokee na kurudia ujumbe kwa sauti. Ripita, mtambo unaopokea na kurusha upya ujumbe wenyewe, ni nzuri zaidi, ila inataka kibali chake cha masafa kutoka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kibali hakiombwi siku ya maafa.

Waya wa antena nao usibanie fedha. Mita 20 za RG-58 kwenye megahezi 150 zinameza desibeli 4 hivi: unarusha wati 50, zinazofika juu ni 20. RG-213 ya urefu huohuo inafikisha zaidi ya 30. Pima SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kurushwa, kila unapousimamisha mlingoti. Chini ya 1.5 endelea, ikizidi 2 acha kurusha, kagua viungio, huenda maji yameingia. Kamba za kushikilia ziwe tatu, na kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki unapovuma, ongeza safu ya pili katikati. Msimu wa mvua hesabu sekunde kati ya radi kumulika na kunguruma. Zikiwa chini ya 30, chomoa waya wa antena na kaa mbali na mlingoti. Kuushusha kunafanywa kabla, wingu likiwa bado mbali.

Sasa mpaka. Kagunga na Manyovu simu hudaka minara ya Burundi bila kukuuliza. Salio linakwisha, namba haipatikani, na saa ya simu inarudi nyuma saa moja, kwa kuwa Burundi na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma yetu. Daftari la matukio linaanza kuonyesha boti imefika kabla haijaondoka. Chagua mtandao kwa mkono, zima saa ya kujirekebisha, na tundika saa moja ya ukutani inayofuatwa na wote. Andika kwa tarakimu nne. Mtu akisema redioni "saa nane na dakika kumi", mwandishi ajibu: "Saa nane mchana, naandika 1410." Akinyamaza, kuna siku saa nane ya usiku itaandikwa kuwa ya mchana.

Nafasi kwenye ramani zina mtego wa namna hiyohiyo. Kigoma mjini iko nyuzi 4 dakika 52 kusini. Anayeiandika 4.52 kwenye kompyuta ameisogeza kilomita 38 kaskazini, na boti ya uokoaji itapita Gombe ikielekea Kagunga. Halafu nyuzi 30 mashariki hupita kati ya Kigoma mjini na Kasulu: magharibi yake ni kanda ya 35 ya UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita, mashariki ni ya 36. Namba za UTM zisizotaja kanda zikataliwe hapohapo. Bandika mfano mmoja sahihi juu ya meza ya ramani.

Polisi, Uhamiaji, forodha, zimamoto na afya kila mmoja ana mawasiliano yake, na kuyaunganisha kwa waya ni kazi ya miezi na ubishi wa miaka. Kila taasisi iweke mtu mmoja mezani na redio yake. Anasikia, anamwambia mwandishi, mwandishi anaandika, kiongozi wa zamu anaamua. Wavuvi wengi hawana VHF, wana simu, hivyo namba za viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe, za kila mwalo ziwe kwenye karatasi, si kwenye simu ya mtu anayeweza kwenda likizo. Awepo pia anayesema Kiha, kwani atasikilizana na Mrundi bila mkalimani.

Kila zamu ni saa 8. Anayetoka na anayeingia wakae pamoja dakika 15, wasome daftari kwa sauti, wahesabu redio za mkononi na betri zilizochajiwa, kisha wote wawili waweke sahihi chini ya mstari wa mwisho.